Maji ni amana, na aliyepewa amana ofisi yake iko hapa Machakos



Kila Ramadhani simu zetu hujaa picha zilezile. Kisima kimechimbwa mahali fulani Ukambani, bango lina jina la mfadhili, watoto wameshika mitungi ya njano, sheikh ameinua mikono, na chini watu wameandika amin, amin, amin. Allah awalipe waliotoa. Hakuna anayewadharau. Lakini tuulizane kitu kimoja: Mto Athi unapita mchana na usiku, mbona watu wanaoishi kandokando yake wanangojea sadaka ya maji?

Jibu mnalijua. Hayanyweki. Mto huu unapokea Mto Nairobi na uchafu wote wa jiji, na umepitia Mavoko kwenye viwanda. Nenda Fourteen Falls upande wa Ol Donyo Sabuk ujionee povu. Kutoka hapo maji hayo yanashuka Yatta, Makueni, yanapita Tsavo yakiitwa Galana, halafu Sabaki, mpaka baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hivyo ndugu zetu wa Pwani wasituambie ati haya ni mambo ya bara.

Tukilalamika tunaambiwa tuvumilie, serikali haina pesa. Hapana. Kabla ya pesa kuna sheria.

Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 5, inasema rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa, izishike kama amana kwa niaba ya wananchi. Amana! Hilo neno sisi tumelijua tangu madrasa, na tunajua anayelivunja anaitwaje. Msimamizi aliyewekwa na sheria hiyo ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ile iliyokuwa ikiitwa WRMA chini ya sheria ya 2002. Ofisi yake ya bonde zima la Athi haiko Nairobi. Iko Machakos. Wengi wetu tunaipita tukienda sokoni.

Na msidhani ni ofisi ya kupiga mihuri tu. Kumwaga uchafu mtoni kunahitaji kibali chake. Kuvuta maji kwa pampu, kuchimba kisima kirefu, yote yanapitia kwake. Inaweza kukataa ombi, kubadilisha masharti ya kibali, hata kukifuta. Kuweka viwango na kuhakikisha vinafuatwa kumeandikwa kuwa kazi yake, si hisani. Na sheria hiyohiyo inasema matumizi ya nyumbani yatangulie matumizi mengine yote. Mama anayechota kwa ndoo mtoni, bila mashine, hahitaji kibali cha mtu. Mwenye bomba la kumwaga taka ndiye anayekihitaji.

Hapa tusichanganye mambo, maana wakubwa hupenda tukichanganya. Bomba lako likikauka, muulize yule anayekutumia bili, yaani kampuni ya maji na kaunti. Mto ukifa, muulize WRA. NEMA nayo ina sehemu yake kwenye uchafuzi, na ndiyo maana kila ukiuliza unaelekezwa ofisi ya pili, na ya pili inakurudisha ya kwanza. Wajibu wa wawili umekuwa wajibu wa hakuna.

Kuzuia mafuriko pia kuko kwenye orodha ya kazi za WRA. Aprili na Mei 2024 mto ulivunja kingo na Mavoko ikaingia majini. Baada ya hapo sheria ya kingo za mito ikakumbukwa ghafla, na mabuldoza yakaenda Mathare na Mukuru, kwa nyumba za mabati. Kumbe nguvu zipo. Shida ni zinaelekezwa kwa nani.

Mtu atasema, lakini Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma. Kweli. Ila kumbuka kwa nini. Mwenye kisima alikuwa akiwauzia watu maji, na maskini hawakuweza. Uthman alikitoa mikononi mwa muuzaji akakifanya wakfu wa wote. Ilikuwa kuondoa dhulma, si kuipaka rangi. Mtume (SAW) alitufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Sasa mshirika gani huyu asiyejua mali yake inagawiwa nani?

Nasi tujikague kidogo. Hivi visima vyetu vya sadaka, vingapi vina idhini ya WRA? Vingapi maji yake yalipimwa? Maji ya chini ya ardhi upande wa Athi River yana sifa ya floraidi nyingi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukimchimbia mtoto kisima kinachomharibu meno na mifupa, bango halitamsaidia.

Wanaosema hakuna anayeweza kushtaki serikali waangalie Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliwatilia watu sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na sehemu kubwa zaidi, asilimia 40, ikawekwa kwa NEMA, mdhibiti mwenyewe. Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mdhibiti aliyelala naye hulipa.

Kwa hivyo mwezi huu hatuchangishi kisima. Tunaandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya kupata habari zinampa kila raia haki ya kuuliza, na ofisi ina siku 21 kujibu. Tunauliza matatu: nani wana kibali cha kumwaga maji machafu katika Athi kutoka Mavoko hadi Ol Donyo Sabuk, maji yao yalipimwa lini mara ya mwisho na yalionyesha nini, na ni vibali vingapi vimefutwa tangu 2016.

Kimya kikiendelea, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko papa hapa Machakos, na kifungu cha 70 hakimtaki mlalamishi athibitishe kwamba ameumia yeye mwenyewe. Ijumaa baada ya swala, njoo na kitambulisho utie sahihi. Jirani yako Mkristo mlete pia, mto ni mmoja.