Kilimia na Amri ya Nane

Katika mkutano mmoja wa vijana mhubiri mgeni aliwaambia watoto wetu kwamba umri wa nyota ni uongo wa Shetani, na anayeusoma chuoni ameshaiacha imani. Vijana wakaitika Amina. Nasi wachungaji, tuliokaa viti vya mbele, tukanyamaza. Hilo ni kosa letu.

Kilimia kimetajwa katika Ayubu na Amosi. Mwishoni mwa Desemba, saa tatu usiku, ukiwa Arusha mjini utakiona juu, upande wa Mlima Meru: kundi la nyota zilizozaliwa pamoja. Ndani yake zimo nyota mbili zinazozungukana kwa siku mbili na nusu hivi, kila moja ikiikinga nyenzake kama mwezi unavyolikinga jua linapopatwa. Muda wa kufifia huonyesha ukubwa wa kila moja. Rangi za nuru yake huonyesha mwendo, na mwendo huonyesha uzito. Ukubwa na joto hutoa mng'ao wake halisi. Basi ni kama taa ya pikipiki usiku barabara ya Tengeru: ukijua nguvu yake, utajua iko mbali kiasi gani.

Mwaka 1997 vipimo vya satelaiti Hipparcos viliweka Kilimia umbali wa miaka ya nuru 390 hivi. Zile nyota mbili, zilipopimwa miaka ya 2004 na 2005, zikasema zaidi ya 420. Wataalamu (si wapiga ramli, tafadhali) wakabishana hadharani, wakapima upya. Satelaiti Gaia ikaleta takriban 440. Kosa likasahihishwa. Mimbarani kwetu nani husahihishwa? Nuru iliyotoka Kilimia siku walipouawa wamisionari Ovir na Segebrock pale Akeri, 1896, bado ina safari ya miaka zaidi ya 300 kutufikia.

Nyota nzito humaliza nishati yake mapema, na kila nyota hubadilika ukubwa inavyozeeka. Kwa hiyo uzito na ukubwa vikijulikana, umri wa kundi zima hukadiriwa. Kilimia kina miaka ipatayo milioni 100 au zaidi, na bado ni kichanga kati ya makundi ya nyota. Mungu alipomwuliza Ayubu habari zake, hakumwuliza umri.

Katika kipaimara tulikariri amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Apimaye nyota naye ni jirani. Tunamwomba mhubiri yule arudi kwa vijana walewale, na sisi tutakwenda naye.