Sahihi ya Mzee na Umri wa Mchezaji

Mashindano ya mpira ya vijana katika vijiji vya pwani yetu, kuanzia Mbegani na Zinga hadi Kerege, yana ugonjwa ambao wengi wetu huucheka badala ya kuutibu. Timu ya vijana wa chini ya miaka 17 huingia uwanjani, na miongoni mwao yumo aliyenyoa ndevu asubuhi ile, anayecheza kwa jina la mwanafunzi aliyebaki nyumbani. Watazamaji humwita mamluki. (Mamluki wa Misri, waliowashinda Wamongolia pale Ain Jalut mwaka 1260, wangeshangaa kuona jina lao limeangukia wapi.)

Taifa limekwisha kuonja matunda ya jambo hili. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya vijana wa umri huo, iliondolewa katika fainali za Afrika za Gambia kwa kosa la umri, ilhali ilikwisha kufuzu uwanjani. Kikosi kizima kikabaki nyumbani. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana hao nchini Nigeria, FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine. Mbegani hatuna mashine hiyo. Tunacho kipande cha karatasi chenye sahihi ya mwalimu, ya mwenyekiti wa kitongoji, na mara nyingine, ndugu Waislamu, ya imamu.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Kijana anayetamani kucheza tunaweza kumwelewa. Mzee anayemwandikia umri asioujua ametoa ushahidi wa uongo, na Mtume (SAW) ameuhesabu huo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tusimamie ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Seuze dhidi ya timu ya kijiji. Na aya ya 5 ya Suratul-Ahzab inaamuru watu waitwe kwa baba zao. Huyu anayeitikia jina la mtoto wa jirani kwa dakika tisini anaitwa kwa baba wa nani?

Kuhakiki umri si ukoloni wala ukorofi wa waamuzi. Abdullah bin Umar (RA) alipojitokeza kwa ajili ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (SAW) hakumruhusu; alimruhusu siku ya Khandaq, alipokuwa na miaka 15. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alipoisikia habari hiyo aliufanya umri huo kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa.

Wapo watakaosema kwamba ni mchezo tu, na zawadi yenyewe ni mbuzi. Mbuzi huyo ni mali ya watu. Tena sahihi ile ile ndiyo inayotakiwa kwenye mirathi na mauzo ya mashamba, na kijana aliyeiona ikitolewa bure uwanjani hatasahau bei yake.

Tunakiri kwamba wengi walizaliwa nyumbani, bila cheti, na mama anakumbuka tu kwamba ilikuwa Ramadhani au msimu wa kaskazi. Zaidi ya hayo, mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo aliyetimiza miaka 17 ya Hijria bado ana kiasi cha miezi sita kutimiza 17 ya kalenda ya serikali. Waandaaji waseme wazi wanahesabu kwa kalenda ipi. Shaka ya namna hii si uongo, mradi iandikwe kuwa ni shaka.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti zinazoandaa mashindano ya Idd zifungue madaftari ya madrasa, ambamo mtoto aliandikwa siku alipoanza alifu, na kusoma majina ya wachezaji mbele ya wazazi wiki moja kabla ya mechi ya kwanza. Mwenye pingamizi alitoe hapo, asingoje mpaka afungwe. Na imamu asiyejua umri wa kijana aandike hivyo hivyo, kwamba haujui, hata kama timu ni ya msikiti wake.