Aya Moja, Wazo Moja

Nchini Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini tangu siku za jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, wako askari wanaokisema kwa ufasaha kutwa kucha, lakini wakishika kalamu maneno huwatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Kinachowapungukia si maneno, bali ni mpango.

Mfano ni wa askari polisi aandikaye taarifa ya wizi wa baiskeli. Katika aya moja anaeleza ya kuwa alimwona kijana akisukuma baiskeli usiku. Ya kuwa mwuza chapati alisema kijana huyo ni mwizi. Ya kuwa tairi la nyuma halikuwa na upepo. Na ya kuwa mwenye mali amelalamika. Msomaji hawezi kutambua lipi askari aliliona kwa macho yake na lipi aliambiwa. Mbele ya hakimu tofauti hiyo ni kubwa, kwani Sheria ya Ushahidi ya Uganda yataka jambo lililoonekana lielezwe na yule yule aliyeliona. Taarifa iliyochanganyika yaweza kumponya mwizi, au kumtia matatani asiye na hatia.

Dawa yake ni kutoanza na sentensi. Kwanza mwandishi huorodhesha mambo yote katika karatasi ya kando. Pili, huyapanga yaliyo ya jamii moja mahali pamoja. Tatu, huamua lipi litangulie na lipi lifuate. Hapo ndipo kila fungu hupewa aya yake, na sentensi ya kwanza ya aya hutangaza wazo litakaloelezwa.

Kanuni hiyo humfaa pia mtoto anayeandika insha nyumbani jioni. Akipewa kichwa "Faida za Kufuga Kuku", aya moja iwe ya chakula, ya pili iwe ya fedha, ya tatu iwe ya mbolea. Aya ya tatu ikianza kwa maneno "Mavi ya kuku hurutubisha shamba", sentensi zote zinazofuata hazina budi kueleza shamba hilo. Bei ya mayai ikijipenyeza humo, irudishwe katika aya ya fedha. Kazi ikiisha, mtoto amsomee mama yake kwa sauti. Mahali mama anapouliza, "Umesemaje hapo?" ndipo pa kusahihisha, kisha insha inakiliwa upya kwa hati safi.

Na yule askari polisi? Akiigawa taarifa yake vivyo hivyo, aya ya aliyoyaona itabaki na mambo mawili tu: kijana mmoja usiku, na baiskeli yenye pancha. Neno "mwizi" litahamia katika aya ya aliyoambiwa, nalo litasimama hapo peke yake. Ndipo atakapotambua ya kuwa kazi yake haijakwisha. Itambidi arudi kwa mwuza chapati kumwuliza aliona nini hasa, kabla mtu hajafungiwa mlango wa mahabusu.