Acheni Kuisingizia Simu

Kila uchaguzi ukiisha Kenya, walioshindwa na wachambuzi wao hutuambia jambo lilelile: wananchi walipumbazwa na mitandao. Ushahidi wanaoukimbilia ni Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyokifanyia kazi chama cha Jubilee. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ilitangaza video ya siri ya mkuu wake mmoja, Mark Turnbull, akijitapa kwamba wao ndio walioandika ilani ya chama na kupanga karibu kila kitu. Tukatetemeka. Hatukujiuliza alikuwa akimwambia nani. Alikuwa mbele ya mtu aliyemdhania kuwa wakala wa mteja tajiri kutoka Sri Lanka. Yalikuwa maneno ya mchuuzi anayesifu bidhaa yake, nasi tukayapokea kama kiapo cha shahidi.

Tazameni 2022. Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila Odinga. Familia ya Kenyatta inahusishwa na kampuni ya habari ya Mediamax, yenye televisheni ya K24 na redio ya Kameme inayosikilizwa Mlima Kenya. Kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele. Ikiwa vyombo vya habari ndivyo vinavyomwamulia mtu, Kiambu, nyumbani kwa Rais mwenyewe, ingemfuata. Kiambu ilimpa William Ruto ushindi mkubwa, na Nyeri, Murang'a na Kirinyaga vilevile.

Watu hao hawakulogwa. Mwaka ule mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na pakiti ya unga ya kilo mbili ikavuka 200. Serikali ilitangaza unga wa shilingi 100 mwezi Julai, wiki tatu tu kabla ya kura, na Mlima haukugeuka. Mambo haya yalikuwa yamejadiliwa kitambo: stejini kwa bodaboda, kwenye chama cha akina mama, nje ya kanisa baada ya ibada, kwenye foleni ya kupima majani ya chai. Redio za lugha ya mama zina nguvu, sikatai, hasa vipindi vya wasikilizaji kupiga simu. Lakini nguvu hiyo hutoka kwa wasikilizaji wenyewe, wanaopeleka hewani yaliyokwisha kusemwa kijijini. Mtu huingia kibandani peke yake, ila uamuzi ameufikia akiwa na wenzake.

Sitetei uongo wa mitandaoni. Video ya 2017 iliyoichora Kenya ya Raila kama nchi ya njaa na damu ilikuwa uovu. Lakini hofu iliyoichezea ilizaliwa katika mauaji ya 2007 na 2008, na tangu hapo hakuna serikali iliyoitibu. Kuilaumu video pekee ni kuwapa nafuu wanasiasa walioiacha hofu hiyo bila tiba.

Dhana hii ya kupumbazwa inamtukana mkulima, kana kwamba hawezi kulinganisha bei ya mbolea na ahadi aliyopewa. Tena inawadanganya vijana kwamba vita viko simuni. Mwaka 2022, wenye umri wa miaka 18 hadi 35 hawakufika asilimia 40 ya waliojiandikisha, na sehemu yao ilikuwa imepungua tangu 2017. Juni 2024 walijipanga mitandaoni, wakajaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, nao ukaondolewa. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Anayetaka kujua utaelekea wapi aende ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, katika eneo bunge lake, aulize vijana wangapi wamo kwenye daftari la wapiga kura.