Ladha Nayo Ni Elimu

Mgeni anapoketi katika mkahawa wa hoteli jijini Kisumu, akaagiza ngege mzima na kuuliza ni mvinyo gani utakaoandamana naye vyema, aghalabu hupewa jibu moja: mweupe kwa samaki, mwekundu kwa nyama. Mhudumu alilikariri jibu hilo chuoni, akalijibia mtihani na kutunukiwa cheti. Mgeni akithubutu kuuliza sababu, mazungumzo hukatika. Kijana huyo hana hatia. Alifundishwa kanuni bila kufundishwa maana yake, na kanuni isiyo na maana ni wimbo wa kasuku.

Nashikilia kwamba elimu ya kuonja ni elimu kamili, yenye kemia, lugha na biashara ndani yake, na kwamba walimu wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria wana kila nyenzo ya kuifundisha. Nitautumia mvinyo wa Merlot kama mfano, maana ndio unaodhaniwa kuwa mbali mno nasi.

Merlot ni jina la zabibu nyeusi, na asili yake ni Bordeaux nchini Ufaransa. Jina hilo, linalosemekana kuwa na uhusiano na lile la ndege mweusi wa huko, lilikwisha kuandikwa katika nyaraka za eneo la Libourne mnamo 1784. Mvinyo wake husifiwa kwa ulaini: ladha ya matunda meusi yaliyoiva, uchachu wa wastani, na ukakasi usiokwaruza ulimi. Hata hivyo, sifa zake hazikuukinga na mitindo ya walimwengu. Mwaka 2004, filamu ya Marekani iitwayo Sideways ilimwonyesha mhusika akiukataa Merlot kwa hasira, na mauzo yake nchini humo yakadhoofika kwa kiasi. Ulimwengu wenyewe unaojigamba kwa ujuzi wa ladha uliyumbishwa na maneno ya mwigizaji. Basi sisi tunaogopa nini kuutumia ulimi wetu wenyewe?

Nimetaja ukakasi. Hilo ni neno la Kiswahili tangu jadi: ile hali ya kinywa kukauka na kukunjamana mtu anapotafuna ndizi mbichi. Wataalamu wa mvinyo huandika kurasa nyingi kuieleza hali hiyo, ilhali sisi tunalo neno moja linalotosha. Husababishwa na tanini, ambazo hushikamana na protini za mate na kuuondoa utelezi wa kinywa. Mwalimu wa kemia hahitaji chupa ya mvinyo kulionyesha jambo hili. Na achemshe majani ya chai kutoka milima ya jirani ya Kericho, ayaache yakolee, awape wanafunzi waonje bila maziwa, kisha atie maziwa waonje tena. Ukakasi utapungua, kwa kuwa tanini zimepata protini nyingine za kushikamana nazo. Kwa sababu iyo hiyo nyama hulainisha mvinyo mwekundu, na Merlot hupatana vyema na nyama ya ng'ombe iliyochomwa, au na aliya, nyama iliyokaushwa juani kisha ikapikwa polepole.

Mama zetu wa Nyanza walijua kanuni iliyo jirani na hii kabla ya vyuo vya hoteli kujengwa. Osuga na akeyo ni mboga chungu. Hupikwa, zikatiwa maziwa na kulazwa, kisha zikapashwa moto tena hadi uchungu utulie. Huo ni ustadi wa kusawazisha ladha moja kwa nyingine, ambao huko ng'ambo huandikiwa vitabu na kutozwa karo.

Sasa turejee kwa samaki. Mwaka 2009, watafiti wa Kijapani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mvinyo na vyakula vya baharini. Waligundua kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo yanayozusha shombo mdomoni mtu anapokula kiumbe wa majini, na kwamba kadiri chuma kinavyozidi ndivyo shombo inavyozidi. Kwa hiyo rangi pekee si hoja. Mvinyo mwekundu wenye chuma kidogo waweza kupita salama, na mweupe wenye chuma kingi ukaharibu mlo.

Mwanafunzi akiielewa sababu hiyo, ataweza kuamua mwenyewe. Omena aliyeanikwa juani, mwenye harufu kali, hafai kukutanishwa na Merlot. Nyanya, kitunguu na maji ya ndimu vitamfaa zaidi. Lakini ngege aliyekaangwa hadi ngozi ikakauka, kisha akatokoswa katika mchuzi mzito wa nyanya kama wapikavyo Dunga, ni jambo jingine. Mchuzi na mafuta vimekwisha kumpa unono unaokaribia wa nyama, na Merlot mwepesi waweza kujaribiwa naye. Aidha, vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba, lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Katika Kisumu, ambako adhuhuri hufikia nyuzi 30, chupa hiyo haina budi kupozwa kidogo, la sivyo kileo chake kitafunika kila ladha. Kanuni iliyokaririwa haiwezi kumwambia mhudumu hayo. Sababu humwambia.

Natambua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Je, tuwafundishe vijana ulevi katika nchi ambayo pombe haramu imeua watu wengi, kama ilivyotokea Mei 2014? La hasha. Sheria ya 2010 yakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na ni sheria njema. Wako pia wengi miongoni mwetu, Waislamu na Waadventista kwa mfano, ambao dini zao haziruhusu kileo, na msimamo wao ni wa kuheshimiwa. Lakini kuonja si kunywa. Pale Mombasa, kwenye mnada wa chai, waonjaji hufyonza kijiko kimoja, hutafakari, hutema, na kwa neno lao bei ya jasho la mkulima hupanda au kushuka. Hiyo ni kazi ya heshima isiyolevya mtu yeyote. Darasani yatosha kutumia chai, ndimu, mboga na samaki.

Neno hilo la bei ndilo kiini cha hoja yangu. Sangara alitiwa katika ziwa letu miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1980 viwanda vimekuwa vikimpasua na kusafirisha minofu yake ng'ambo. Kilichobaki, kichwa na mifupa, kikaitwa mgongo wazi, na akina mama wa Obunga wakakikaanga na kukiuza kwa wenye kipato kidogo. Wamekifanya kitamu kwa ustadi wao, lakini wapi ustadi huo umeandikwa? Mnofu uliokwenda ng'ambo una daraja na maelezo yake. Mgongo wazi hauna ila jina la dhihaka. Asiye na maneno ya kukisifu chakula chake huuza kwa bei ya mwenye maneno.

Basi nawasihi walimu wa sayansi kimu waketi pamoja na wa kemia na wa Kiswahili. Wawape wanafunzi zoezi moja muhula huu: kila mmoja aonje vyakula vitano vya kwao na kuvieleza kwa maandishi, bila kutumia neno "kitamu". Watalazimika kulitafuta neno ukakasi, uchachu, uchungu, shombo, chapwa, unono, na kutoka Kidholuo watayaleta mengine. Vyuo vya hoteli navyo vitahini sababu pamoja na kanuni. Mgeni atakapouliza tena kuhusu ngege wake, astahili kujibiwa na mtu anayejua kilicho sahanini kabla ya kilicho chupani.