Nyuma ya Kengele ya Uhuru kuko majina 9



Mtoto wa baba mdogo, mwenye anaishi Marekani, alinitumia foto yake akiwa Philadelphia. Amesimama mbele ya Kengele ya Uhuru, anacheka. Karibu na pale kuko jengo ambamo mwaka 1776 walipitisha tangazo lenye kusema watu wote wameumbwa sawa. Nikamwandikia: toka inje, karibu na mlango, unipigie foto ya ukuta wenye majina 9.

Alikuwa amepita pale bila kuuona.

Pale njo palikuwa nyumba ya rais George Washington, kutoka 1790 mpaka 1797, wakati Philadelphia ilikuwa mji mkuu. Alileta watumwa 9 mule. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa wa mgeni akimaliza miezi 6 mfululizo jimboni anaweza kudai uhuru. Rais akafanya nini? Kabla miezi 6 haijaisha, anawavusha mpaka wa jimbo, kisha anawarudisha, hesabu inaanza upya. Mwaka 1791 alimwandikia katibu wake kwamba jambo hilo lifanywe bila watumwa wala watu wa inje kujua sababu. Sisi tunajua namna wakubwa wanachezea sheria, basi tusijifanye kushangaa.

Ona Judge alikataa. Mwezi wa 5 mwaka 1796, wakati familia ya rais iko inakula, alitoka na kwenda zake. Akafika New Hampshire. Washington akatuma watu wamrudishe, hakurudi. Alikufa 1848, kwa sheria bado anahesabiwa mtumwa mtoro, lakini kwake mwenyewe.

Nyumba ikabomolewa, watu wakasahau. Mwaka 2002 ikajulikana kwamba mlango wa jengo jipya la Kengele uko hatua chache tu kutoka mahali watumwa walikuwa wanalala. Je, serikali ilikimbia kusema ukweli? Hapana. Raia njo waliandika barua, wakakusanya saini, wakaandamana. 2007 wachimbaji wakafikia msingi wa jiko, watu wakaja kwa wingi kuangalia. Ukumbusho ukafunguliwa Desemba 2010. Miaka 8 ya kusumbua wakubwa!

Mwaka ule ule, mwezi wa 10, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti Mapping juu ya Kongo yetu: visa 617 vya ukatili, 1993 mpaka 2003. Tunaitaja kila siku. Kila tarehe 2 Agosti kuko hotuba na maua. Lakini majina iko wapi? Kuko makaburi ya pamoja ambayo wazee tu njo wanajua nani analala ndani, na wazee wenyewe wanaisha.

Tukingojea Kinshasa ituletee ukuta wa mawe, tutazeeka. Kule walianza na karatasi. Jumapili hii, kila seksheni ichukue daftari, iende kwa bibi, kwa muzee, kwa mama mjane. Andikeni jina, kijiji, mwaka, na nani alibaki. Msichague kabila. Kama mtu analia, fungeni daftari, mkae naye, mrudi siku ingine. Na mfanye kopi mbili, moja ibaki kwa familia.