Sumu ya Chakula Maabarani: Utumbo Unaopimwa ni wa Nani?

Mwaka 2016 ugonjwa wa ini usio wa kawaida uliibuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 walitambuliwa, na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa sumukuvu katika mahindi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi, nacho hupimwa katika nafaka au unga. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hutueleza kilichomo katika gunia tu. Hakituelezi ni kiasi gani kitavuka ukuta wa utumbo na kuingia katika damu ya mlaji.

Maabara zina njia ya kuchunguza swali hilo bila kumlisha mtu sumu. Kwanza, chakula humeng'enywa katika chupa. Huchanganywa na mate ya kutengenezwa, kisha hukaa saa 2 katika tindikali na vimeng'enya vya tumbo, na saa 2 nyingine pamoja na nyongo na vimeng'enya vya kongosho, katika nyuzijoto 37. Sumu iliyoachiliwa na chakula ndiyo inayoweza kufyonzwa. Hatua ya pili, kimiminika huwekwa juu ya tabaka la seli zilizooteshwa kwa takriban siku 21 kwenye utando wenye vitundu vidogo. Sumu inayopatikana upande wa chini ndiyo iliyovuka. Mtafiti hupima pia ukinzani wa umeme wa tabaka hilo. Ukishuka, ni dalili kwamba maungio ya seli yamelegea.

Njia hii ni nzuri. Hoja yangu ni kwamba matokeo yake yasisomwe kana kwamba yanamhusu kila mtu. Seli zinazotumika zaidi, ziitwazo Caco-2, zilitokana na saratani ya utumbo mpana ya mwanamume wa miaka 72. Zikikomaa hufanana na seli za utumbo mwembamba, lakini hazina ute wala bakteria wa utumboni, na maungio yake yamekaza kuliko ya utumbo mwembamba wa binadamu. Mtoto mwenye utapiamlo, anayeharisha mara kwa mara na kulishwa uji wa mahindi kila siku, huenda ana ukuta wa utumbo uliodhoofika. Hatuwezi kumkadiria kwa seli hizo pekee.

Tusidhani pia kwamba sumu isiyofyonzwa sana haidhuru. Fumonisini, sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, hufyonzwa kidogo sana. Hata hivyo huvuruga utengenezaji wa aina ya mafuta yanayojenga utando wa seli, na seli za utumbo ndizo zinazokutana nayo kwanza. Kwa hiyo jibu la "imevuka kidogo" halitoshi kumhakikishia mlaji usalama.

Napendekeza vyuo vyetu vipime vyakula vyetu wenyewe jinsi vinavyoliwa: ugali, uji wa lishe, togwa. Seli za Caco-2 ziambatane na zile zinazotoa ute. Kisha matokeo yathibitishwe kwa watu. Aflatoksini iliyoshikamana na albumini ya damu huonyesha ulaji wa wiki na miezi iliyopita. Aflatoksini M1 katika mkojo huonyesha ulaji wa siku chache. Na pasiwe na udongo, mkaa au unga wowote utakaouzwa kuwa kinga ya sumukuvu kwa sababu tu ulifanya vizuri juu ya seli za maabara.

Wakati utafiti huo ukisubiriwa, kinga inabaki shambani na ghalani: kukausha mahindi na karanga vizuri juu ya turubai, kuhifadhi mahali pakavu, na kuchambua punje zilizovunjika au kuota ukungu. Kupika hakuondoi sumukuvu. Uji wa mtoto usitegemee mahindi na karanga peke yake. Nawe mhudumu wa afya, wagonjwa kadhaa wa kaya moja wakifika na manjano na tumbo lililojaa maji, pamoja na vipimo vya homa ya ini, uliza walikula mahindi gani, na uagize sampuli ya unga huo ihifadhiwe.